Mwenye Nguvu Mpishe: Nani Mwenye Njia ya Ngong?

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na aghalabu tunaichukua methali hiyo kuwa nasaha ya kumwokoa mnyonge. Juu ya Milima ya Ngong imegeuka kuwa kanuni ya barabara. Siku ya Jumamosi, katika njia ya mgongoni inayopanda na kushuka kutoka upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi, mwenye pikipiki humpisha mwenye gari kubwa, mwenye baiskeli humpisha mwenye pikipiki, mtembea kwa miguu huwapisha wote hao, na kijana wa Kimaasai mwenye mbuzi thelathini huwasukuma mbuzi wake kwenye nyasi za mteremkoni ili sisi sote tupite. Hakuna aliyeiandika kanuni hii. Bunge halikuipitisha, wala Bunge la Kaunti ya Kajiado. Imejiandika yenyewe kwa uzito wa chuma na mlio wa injini, na sisi tumeizoea kiasi cha kuiita "matumizi ya pamoja".

Nimeukuta mjadala huu ukitokota miongoni mwa wanafunzi wangu na marafiki zao wanaharakati, na umegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inadai injini zote zipigwe marufuku milimani. Ya pili inajibu kwamba mlima ni mali ya umma, kwamba Kifungu cha 62 cha Katiba kinaitaja misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na kwamba anayelipa ushuru ana haki ya kupita kwa chombo akipendacho. Kambi hizi mbili hutukanana kwa ufasaha wa kupendeza. Kwa maoni yangu zote zimekosea, ijapokuwa ya pili imekosea zaidi, na yanayozungumzwa nayo yote yanampita mtu mmoja pembeni kama vile hakuwapo: yule kijana wa mbuzi.

Kabla sijaendelea, nieleweke ninazungumzia mlima upi. Sizungumzii msitu ulioko kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, ambao nao una vita vyake. Nazungumzia ule mgongo wenye vilele vinavyofuatana kama vifundo vya ngumi, unaofikia mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, ambao upande wa magharibi huporomoka kuelekea Bonde la Ufa. Mitambo ya upepo ya KenGen iko huko huko, yenye uwezo wa megawati 25.5, na minara ya mawasiliano pia. Mafundi wanaoihudumia hawawezi kubeba vifaa vyao mgongoni. Kwa hiyo anayesema "gurudumu lisikanyage Ngong" anasema jambo ambalo yeye mwenyewe hatalitaka siku umeme utakapokatika nyumbani kwake. Magurudumu yapo na yataendelea kuwapo. Swali ni magurudumu ya nani, siku gani, na kwa masharti gani.

Hebu tuuangalie udongo, maana udongo hauna kambi. Gurudumu linapopita juu ya udongo mkavu huugandamiza; likipita juu ya udongo uliolowa huuchimba. Gari zito likikwama mteremkoni na dereva akakanyaga mafuta, magurudumu huzunguka papo hapo na kuing'oa nyasi pamoja na mizizi yake. Hubaki mifereji miwili. Mvua inayofuata haina haja ya kutafuta njia, imekwisha kuchongewa. Maji ambayo yangesambaa na kunyonywa na nyasi sasa hukusanyika mferejini, huongeza kasi, na hubeba udongo hadi chini. Baada ya misimu miwili mitatu mfereji huwa korongo linalofika magotini. Dereva anayefuata hulikwepa korongo, huanzisha mapito mapya kando yake, na hadithi huanza upya. Ndiyo maana mahali pengine juu ya mgongo ule njia moja imekuwa njia nne au tano, zikiwa zimelala sambamba kama makovu ya mijeledi.

Lakini sisi wa miguu tusijitakase. Tukilikuta tope tunatembea pembeni, tunaikanyaga ile nyasi iliyobaki, na kundi la watu themanini lililoteremshwa na mabasi matatu huipanua njia kwa asubuhi moja kuliko pikipiki kadhaa. Nimewahi kutembea nyuma ya kundi la aina hiyo. Lilikuwa na spika inayobebwa begani na muziki uliosikika hadi kilele cha pili, na chupa za plastiki zilizoachwa nyuma zingetosha kumwelekeza aliyepotea. Waliokuwa wakipiga kelele hao ndio, walipopitwa na pikipiki mbili, walioguna kwamba utulivu wa maumbile umevunjwa.

Hata hivyo, kusema kwamba kila kundi lina makosa yake hakutufikishi popote. Wakubwa hupenda sana hoja hiyo, kwa kuwa ikiwa wote wana makosa basi hakuna wa kuwajibishwa. Madhara hayalingani. Mtembezi anapokutana na gari, matembezi yake huharibika: husimama, humeza vumbi, humshika mwanawe mkono. Dereva anapokutana na mtembezi, safari yake haipungukiwi na kitu isipokuwa sekunde chache za kupunguza mwendo, akitaka kupunguza. Uchungu unakwenda upande mmoja. Tena una matokeo ambayo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanapaswa kuyazingatia wanapopanga kuhesabu wageni langoni na kuwauliza kama wameridhika. Anayekerwa haji tena. Mama aliyewahi kuponea chupuchupu na watoto wake kwenye kona hatakuwapo langoni mwakani kuijaza fomu yenu. Mtawahoji waliobaki, nao watawaambia kwamba mambo ni shwari.

Wapenzi wa magari ya porini watanijibu kwa kuitaja Rhino Charge, na wana haki ya kuitaja. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kwa ajili ya kuchangisha fedha za kujenga uzio wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare, na uzio huo, wenye urefu upatao kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Msitu unaolinda vyanzo vya maji ya Nairobi umelindwa kwa kiasi fulani na watu wanaopenda kuyavunja magari yao juu ya mawe. Simcheki mtu wa namna hiyo. Lakini tazameni mashindano yale yanavyoendeshwa. Hufanyika mara moja kwa mwaka. Mahali hubadilika. Kila gari limeorodheshwa, kila kituo kina msimamizi, na mshindi si aliyekimbia zaidi bali ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Yaani, hata mchezo wenyewe wa ukaidi umefungwa kwa kanuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeitumia Rhino Charge kutetea uhuru wa kupita Ngong kila wikendi, bila siku, bila orodha na bila kanuni, ameichukua sifa akauacha utaratibu.

Wala tusidanganyane kwamba tatizo hili ni geni duniani, kiasi kwamba tunahitaji jopokazi jingine na warsha nyingine Naivasha. Mwezi Februari mwaka 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani, ambaye hakuna atakayemwita mwanaharakati wa mazingira mwenye siasa kali, alitia sahihi amri namba 11644 iliyozitaka idara za serikali kutenga maeneo na njia ambamo vyombo vya moto vinaruhusiwa na ambamo haviruhusiwi, kwa shabaha ya kupunguza uharibifu wa udongo na migongano na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Jimmy Carter aliongeza nguvu: palipoonekana uharibifu mkubwa, pafungwe mara moja. Wamarekani hawakuumaliza ugomvi, bado wanashtakiana mahakamani hadi leo. Angalau wanajua wanashtakiana juu ya ramani ipi. Kwetu hata ramani yenyewe haipo mahali ambapo raia wa kawaida anaweza kuisoma. Nimelitafuta bango linalosema nani ampishe nani, sijaliona.

Na kwa nini nimelirudia neno "kupisha" mara nyingi hivi? Kwa sababu katika njia nyingi za milimani ughaibuni, ngazi ya kupishana imegeuzwa juu chini. Mwenye injini humpisha mwenye baiskeli, mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, na wote huwapisha wenye farasi, kwa kuwa mnyama akishtuka hakuna wa kumtuliza kwa hoja. Huko mnyama ni farasi wa starehe. Kwetu, ingawa farasi huonekana hapa na pale, mnyama wa Ngong ni mbuzi, ng'ombe na punda, na aliye naye hayuko kwenye starehe yoyote. Yuko kazini.

Hapa ndipo kambi zote mbili zinaponikera. Katika mijadala yao yote nimesoma habari za "watumiaji wa njia", na watumiaji hao daima ni watu wa mapumziko: mwenye gari, mwenye pikipiki, mwenye baiskeli, mwenye viatu vya bei ghali. Mfugaji huingia sentensi ya mwisho, pamoja na takataka na usalama, katika orodha ya kero. Wapo waliopendekeza kwa uso mkavu kwamba mifugo iondolewe ili njia "ipumue". Iondolewe iende wapi? Jina lenyewe la Ngong limetokana na Kimaasai. Kwa mapatano ya mwaka 1904, na kisha ya 1911, serikali ya kikoloni iliwasogeza Wamaasai kutoka malisho yao bora ya Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, ikawasukumia hifadhi ya kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mahakama haina uwezo wa kuyachunguza mapatano yale. Milima hii ni sehemu ya kile walichoachiwa. Leo anakuja msomi mwenye chupa ya maji ya lita moja, akiwa amelala Kileleshwa usiku wa jana, kumwambia mjukuu wa waliohamishwa kwamba mbuzi wake wanaharibu mandhari.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 ina busara kuliko mijadala yetu. Inapozitaja haki ambazo jamii inaweza kupewa kupitia chama chake cha msitu, inayataja malisho, na utalii na burudani pia, katika orodha moja. Haisemi burudani ni tukufu na malisho ni kero. Karura imeonyesha kwamba jamii inayokaa mezani na shirika la misitu huweza kuutunza msitu uliokuwa makao ya wahalifu hadi familia zikatembea humo kwa amani. Na mzozo wa mwaka 2025 juu ya mfumo wa kulipia ada umeonyesha jinsi meza hiyo inavyoweza kutikiswa kwa tangazo moja. Ngong nako ada hulipwa langoni. Ningependa kujua, na nadhani mfugaji wa Kona Baridi angependa zaidi kujua, ni shilingi ngapi kati ya hizo zinazorudi kuziba korongo lililo mbele ya boma lake.

Ninachokidai hakihitaji warsha. Njia ya mgongoni ifungwe kwa injini zote za starehe katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na magari ya kazi ya mitambo na minara yabaki kwenye njia moja iliyochongwa na kuchimbiwa mitaro. Miezi ya ukavu, pikipiki na magari yapewe siku zake zinazojulikana, kwa idadi inayojulikana. Makundi makubwa ya watembezi nayo yapunguzwe, tena mvua ikizidi tufungiwe sisi pia; najua klabu yangu itanuna. Langoni na kila kilele pawekwe bango kwa Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza: mwenye injini ampishe mwenye baiskeli, mwenye baiskeli ampishe mwenye miguu, na sote tuipishe mifugo. Na siku watakapoitwa watu kuyajadili haya, kama Katiba inavyotaka wananchi washirikishwe, kikao kisifanyike hotelini Nairobi. Kifanyike kule juu, siku ambayo si ya mnada wa ng'ombe, ili wenye mbuzi waweze kufika.