Dereva wa Tunduma Poka Kajifunzia Wapi?

Jamani, leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Niliandika hadithi fupi. Madereva wanne wa malori wamekwama kwenye foleni ya Tunduma, mizigo inakwenda Lubumbashi, usiku umeingia, wanacheza poka. Niliipenda sana sehemu ile. Moshi wa sigara, mtu anasukuma fedha zake zote katikati ya meza, mwingine anatokwa jasho. Nikampa asome dereva mmoja ninayefahamiana naye tangu nilipokwenda kuandika habari za mpakani. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu yangu. "Mdogo wangu, hawa poka wamejifunzia wapi? Na hiyo meza wameitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe poka siijui, niliiona kwenye sinema.

Na siko peke yangu. Hebu angalieni filamu zetu na hadithi zetu. Jambazi akitakiwa aonekane jambazi anapewa karata, sigara na chupa. Tajiri anapelekwa kasino. Basi, kazi imekwisha! Hivi kweli hatuna michezo?

Wenzetu huchagua. Ian Fleming alipoandika Casino Royale mwaka 1953 alimchezesha James Bond baccarat, mchezo wa matajiri kwenye kasino za Ulaya enzi zile. Filamu ya mwaka 2006 ikautupa ikaweka poka, kwa sababu wakati huo poka ndiyo watu walikuwa wakiitazama kwenye televisheni. Walimfikiria mtazamaji wao. Sisi tumechukua mchezo wao, sababu yao tumeiacha hukohuko.

Nendeni Tunduma mkaone. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini foleni za malori bado zinatokea, na mtu anayesubiri lazima acheze kitu. Chini ya tela utakuta drafti iliyochorwa kwenye boksi, kete zake vizibo vya soda, hawa wamelala kifudifudi na wale chali. Hapo utingo anaweza kumfunga dereva wake mbele za watu, kwa kumlisha kete mbili makusudi ili yeye ale tatu. Mwandishi unataka nini zaidi? Kijana ambaye mchana kutwa anatumwa maji, jioni bosi wake ananyamaza mbele ya vizibo.

Au lasti kadi. Sheria zake hubadilika mtaa kwa mtaa, kwa hiyo ukikutanisha Mtanzania, Mzambia na Mkongo, ubishi unaanza kabla karata hazijagawiwa. Ugomvi wako wa hadithi huo hapo, bure, wala huhitaji bastola. Na ukitaka bao, liwekeni mahali pa wazee wenye nafasi, maana mashimo 32 na kete 64 si mchezo wa mtu anayesikilizia kuitwa forodhani.

Dadu nayo ipo, ila kwa wengi wetu dadu ni ya ludo. Anayetaka tapeli wa kweli asihangaike na dadu zilizotiwa risasi. Amweke mtu wa karata tatu, pamoja na wale wenzake wawili wanaojifanya abiria na "kushinda" ili mgeni aingie mkenge.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni hili la kumfanya kila mshika karata mhuni. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176, humhesabu anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa hadharani miongoni mwa wazururaji. Wakati huohuo, tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kampuni yenye leseni inaweza kuchukua pesa ya kijana huyohuyo mchana kweupe. Aliyeweka shilingi mia tano kwenye karata chini ya mwembe ni mzururaji. Aliyeweka elfu ishirini kwenye mkeka ni mteja, na mkeka ukichanika anachekwa tu na marafiki. Hiyo ndiyo riwaya inayotusubiri! Sisi tunaandika poka, halafu polisi anapowazoa vijana kijiweni msomaji wetu haoni tatizo, maana tumeshamfundisha kwamba karata ni alama ya mwizi.

Nimeiandika upya. Meza imetoka, poka imetoka. Utingo anamfunga dereva mara tatu, na dereva anakataa kumnunulia chai. Nikamtumia yule rafiki yangu nikisubiri pongezi. Jibu limekuja jana usiku: "Safi. Ila huyo kingi wako karuka kete mbili zilizoshikana. Hapo hapiti."

Narudi kurekebisha.