Umeshinda 180? Hebu hesabu tena

Pita Mji wa Kale jioni, kuanzia Marikiti hadi mbele ya Fort Jesus, usikilize vijana wanabishania nini kwenye kahawa. Mechi, ndiyo, lakini zaidi ni mkeka. Wazee wa barazani watasema kamari ni haramu, hesabu ya nini? Nawakubali. Ila wewe unayebeti hukungoja fatwa, na naona hata hesabu hukuingoja.

Chukua hii beti ya pande mbili, ile inayoandikwa EW kwenye simu. Kisiwani hatuna uwanja wa mbio za farasi, kwa hivyo unawabetia wa Ngong, wa Uingereza, au wale wa kompyuta. Unaambiwa: farasi wako akishinda unalipwa, akiingia tatu bora pia unalipwa. Tamu, sivyo?

Kwanza, ukiandika 100 unakatwa 200. Hizo ni beti mbili: 100 ya ushindi, 100 ya nafasi. Pili, beti ya nafasi hailipwi kwa odi uliyoiona. Mara nyingi hulipwa sehemu moja ya tano, wakati mwingine robo. Toa 1 kwenye odi, gawa kwa 5, halafu rudisha ile 1. Farasi wa odi 5.00 anakuwa 1.80.

Sasa amemaliza wa pili. Beti ya ushindi imekufa, ya nafasi inarudisha 180. Simu inakuambia umeshinda, unapiga kelele baraza zima lisikie. Wewe, ulitoa 200! Umepoteza 20 na unapongezwa.

Na serikali nayo inataka chake. Tangu Julai 2025, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, unakatwa asilimia 5 ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine ukizitoa. Ili upate 200 za kucheza unaweka kama 211. Zile 180 zikifika kwenye simu yako ni 171. Ushindi wako umekugharimu shilingi 40.

Mtaniambia ni bima. Bima gani? Kwa malipo ya moja ya tano, farasi anayeingia nafasi bila kushinda anakurudishia dau lako lote kuanzia odi 6.00 tu, tena kabla ya kodi. Na wenye odi kubwa ndio hao wasioingia tatu bora kila siku. Hata akishinda yule wa 5.00 unapata 680. Zile 200 ungeziweka zote kwenye ushindi ungepata 1,000. Kampuni ina faida yake ndani ya kila upande, nawe umeilipa mara mbili.

Wapenzi wa mpira msicheke. Beti ya mfungaji bora wa ligi nayo huuzwa hivi hivi, na hapo kuna mtego mwingine: wachezaji wawili wakilingana kwenye nafasi ya mwisho inayolipwa, dau lako la nafasi hugawanywa nusu kwanza, ndipo lizidishwe. Ile 180 inakuwa 90. Imeandikwa kwenye masharti, chini kabisa, kwa herufi ndogo.