Kazi Mpya Katika Siku za Maradhi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kusema na wenye nyumba, waume kwa wake, juu ya jambo lililowafika wengi katika miaka ya maradhi ya Korona, na ambalo laweza kuturudia wakati wowote apendao Mola: mtu kuanza kazi mpya hali ugonjwa umo mjini, na nyumbani mna watu wamtegemeao.

Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020. Haukupita muda skuli zikafungwa, na vyuo vyetu vya Kurani vikafungwa pamoja nazo. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Na tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikazuiliwa, hapana wa kuingia wala wa kutoka. Mahoteli ya ufukweni yakakosa wageni, na watumishi wake wengi wakarejea makwao mikono mitupu. Ramadhani ya mwaka 1441 ikatukuta twasali tarawehe majumbani.

Siku hizo twalimjua mtu mmoja, mpishi wa hoteli kwa miaka mingi, aliyekaa bure miezi miwili, kisha akapata kazi ya kufagia na kupiga deki katika hospitali. Nyumbani alikuwa na mke, watoto wanne, na mama yake aliyepita miaka sabini. Khabari ya kazi ilipofika, pakazuka maneno. Shemeji zake walisema ni aibu mpishi kushika ufagio. Mama yake alisema neno jingine: "Mwanangu, riziki ni ya Mungu, lakini hayo maradhi utatuletea humu ndani." Mke alinyamaza, kwani yeye ndiye aliyejua deni la dukani limefika wapi.

Neno la aibu lisitukalishe sana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Imamu Bukhari, ya kuwa mtu hali chakula kilicho bora kuliko kile akilacho kwa kazi ya mkono wake, na ya kuwa Nabii Daudi (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Nabii Daudi alikuwa mfalme. Basi mpishi ni nani hata auonee haya ufagio?

Neno la mama ndilo zito. Nalo twalipatia mwongozo katika khabari ya Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akienda Sham na akaambiwa kuwa tauni imeingia huko. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao vivyo hivyo. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakakubaliana kwa neno moja kwamba arejee na watu. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari na kuiendea kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Ikiwa Khalifa aliyekuwa na amri juu ya nchi nyingi alitaka shauri kwa makundi matatu, itakuwaje baba wa nyumba moja aseme, "Nimekwisha amua," hali hatari ni ya wote?

Mtu yule alikaa na watu wake baada ya sala ya Isha, wakapatana. Akirudi kazini ataogea uani na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Mama atahamia chumba cha ndani, na chakula chake atapelekewa na mjukuu mkubwa. Mke ataanza kukaanga mahamri ya kuuza, na baba, siku asizokwenda kazini, atashika kazi za nyumba na masomo ya watoto. Hili la mwisho asilione mume kuwa ni kudhalilika, Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alisema kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na sharti iliyokuwa kubwa kuliko zote ni hii: akihisi homa au kikohozi, atasema saa ile ile.

Wiki ya tatu homa ikamshika. Hapo ndipo ulipokuwa mtihani, kwani sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi haki ya malipo ya ugonjwa baada ya kutumika miezi miwili mfululizo: siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Yeye hakufika huko. Kusema ni kupoteza ujira. Kunyamaza ni kuwafanyia khiyana mama yake na wagonjwa wa watu. Alisema. Akakaa peke yake siku kumi na nne, na nyumba ikala mahamri na deni jipya. Kazi aliikuta, lakini mshahara wa mwezi ule haukufika nusu. Mama yake hakuugua, na Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi. Na hata angaliugua, mwanawe angalikuwa amekwisha timiza lililompasa.

Sasa twageuka kwenu mlio na watumishi. Yaya aliyeanza jana, na mlinzi aliyeanza juzi, wako katika hali ile ile. Akikwambia, "Mama, nahisi homa," nawe ukamkata ujira, umemfundisha kuficha, na atakayemficha ni wewe na watoto wako. Sheria imeweka mpaka wa chini tu. Haikukuzuia kumlipa mgonjwa wa wiki ya kwanza. Weka patano hilo siku ya kwanza ya kazi, kabla ya kumwonyesha jiko.

Salman alimwambia Abu Dardaa (R.A.) kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume akasema Salman kasema kweli. Kazi mpya huongeza mwenye haki mmoja. Haiwafuti waliotangulia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki za halali, na aafu katika miili na majumba yetu. Amin.