Siku Sitini Si Muda

Kuna shauri ambalo vijana wetu walioko Marekani hupewa kila wanapopunguzwa kazi, nalo ni hili: nyanyuka upesi. Hulipata kwa wahubiri wa mafanikio, hulipata kwa wenzao waliopona mkasa kama huo, na hulipata kwetu sisi wajomba na walimu wao wa zamani, ambao hatujapata kuomba kazi katika nchi ya watu. Anayepata kazi nyingine ndani ya mwezi mmoja husifiwa kuwa shupavu. Anayeshindwa huonekana alizubaa. Mizani hiyo naipinga.

Msomaji aelewe kwanza jambo lenyewe. Wataalamu wengi wa kigeni katika makampuni ya Marekani hufanya kazi kwa viza iitwayo H-1B. Huombwa na mwajiri, kwa kazi maalumu, kwa muda usiozidi miaka mitatu kwa mara moja, na kwa kawaida haivuki miaka sita. Kazi ikikatika, uhalali wa kukaa nao umeingia mashakani. Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 ndiyo iliyompa mtu huyo siku 60 za kujipanga, au pungufu ya hapo iwapo kibali chake kinakwisha mapema. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na ndani yake haruhusiwi kufanya kazi. Mke au mume na watoto walioingia kwa mgongo wake huhesabiwa siku hizo hizo.

Sasa tufanye hesabu, maana mimi ni mwalimu. Haitoshi kupata kazi ndani ya siku 60. Mwajiri mpya anatakiwa awe amekwisha kuwasilisha maombi serikalini kabla hazijaisha. Kabla ya maombi kuna hati ya mshahara na masharti ya kazi inayopitishwa na Wizara ya Kazi, na hiyo peke yake huchukua siku saba za kazi. Wakili naye anataka vyeti, barua na stakabadhi za mishahara. Toa hizo zote, na kijana amebakiwa na siku arobaini na ushei za kutafuta, kuandika, kusailiwa mara tatu au nne na watu mbalimbali, kisha kungoja jibu.

Kati ya Novemba 2022 na Januari 2023 Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000, Amazon zaidi ya 18,000, Google 12,000 na Microsoft 10,000. Watu wenye ujuzi ule ule walimwagwa sokoni kwa mpigo, na wenye viza wakashindana na raia ambao, wakijibana, wangeweza kungoja hata mwaka. Uzembe wa mtu unaingiaje hapo? Katika chuo cha ualimu tuliwaambia wanachuo kwamba darasa zima likishindwa kumaliza karatasi, mwalimu aichunguze karatasi yake kabla hajashika fimbo.

Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu, sasa mtaalamu wa kompyuta katika jimbo la Texas, aliarifiwa kwa barua pepe asubuhi moja. Kufika saa nne kompyuta ya kazini ilikuwa imekwisha kufungwa. Alipata kazi siku ya hamsini na moja. Mshahara ulikuwa pungufu kwa robo, na kazi yenyewe ilikuwa ya ngazi aliyoiacha miaka minne nyuma. Hakubishana, maana katika usaili wa mwisho aliulizwa swali moja ambalo halikuhusu ujuzi wake hata kidogo: “Siku zako zinaisha lini?” Ndugu zake walipopata habari walimsifu kwa kunyanyuka upesi.

Kunyanyuka gani huko? Mtu anayenunua ng'ombe kwa muuzaji ambaye basi lake linaondoka saa hiyo hiyo hana haja ya kupandisha bei. Na hasara si ya mgeni peke yake. Mmarekani anayeomba kazi ile ile naye anakuta ujira umekwisha kushushwa na mtu asiyeweza kusema hapana. Wanasiasa wa kule hupiga kelele kwamba wageni huharibu mishahara, ilhali saa inayowafanya wageni wakubali chochote imetegwa na serikali yenyewe.

Tunalaani, na tuna haki ya kulaani, utaratibu wa kafala wa nchi za Ghuba unaomfunga mtumishi wa ndani kwa mwajiri wake. H-1B si kafala. Tangu sheria ya mwaka 2000, mtu aweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kumwomba ruhusa wa kwanza, na akaanza kazi mara maombi mapya yanapowasilishwa. Tofauti hiyo ni kubwa, siifichi. Lakini kwa aliyeachishwa kazi inabaki miezi miwili tu, na hilo halipati hata jina la kulaaniwa.

Wapo wanaonijibu kwamba hata sisi tulipunguzwa. Kweli. Miaka ya 1990 serikali yetu ilipopunguza watumishi, niliona makarani na madereva wakirudi nyumbani na kiinua mgongo kisichofika Krismasi. Lakini hakuna aliyeambiwa ahame nchi. Mwenye shamba Rungwe alirudi shambani, mwenye cherehani akashona barazani. Walikuwa maskini, na ardhi ilikuwa chini ya miguu yao.

Wengine husema: ni mgeni, nchi si yake, arudi. Mgeni huyo hukatwa makato ya Hifadhi ya Jamii kama raia, na pensheni yake kwa kawaida huhitaji miaka kumi ya makato, wakati viza humpa sita. Sheria inamtaka mwajiri aliyemwachisha kabla ya muda amlipie nauli ya kurudi kwao. Nauli! Mkataba wa pango la nyumba, shule ya watoto, na mtoto aliyezaliwa huko ambaye ni raia, havimo katika tikiti. Na aliyeondoka si rahisi arudi: Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo la malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walioko nje.

Muda mrefu zaidi unawezekana. Australia nayo ilikuwa na siku 60. Tarehe 1 Julai 2024 ikazifanya 180 kwa mara moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 kuhusu Kadi ya Buluu inatoa miezi mitatu, na miezi sita kwa aliyekwisha kuwa nayo miaka miwili. Kanuni ya Marekani iliandikwa na Wizara ya Usalama wa Ndani, na wizara hiyo hiyo yaweza kuiandika upya.

Simwambii mtu alale. Aulize kwa maandishi siku yake ya mwisho ya kulipwa, maana kwa kawaida hesabu huanza baada ya hapo. Amwone wakili wa uhamiaji wiki ya kwanza, asiondoke nchini kabla ya kumwuliza, na aulize kama aweza kuomba kubadili hadhi awe mgeni wa matembezi kabla siku hazijaisha, ili angoje kihalali ingawa bila kufanya kazi.

Na sisi tulio nyumbani tuna letu. Kijana yule wa Texas alimficha mama yake siku zote hamsini na moja, akawa anamtumia fedha kutoka akiba ambayo ingemlipa wakili. Mama alipokuja kuambiwa alikasirika sana. Alisema mihogo ilikuwepo, na kuku walikuwepo, na hakuna aliyemwuliza.