Kunguru Hufuata Taka Zetu

Mwenye simu ya kupiga picha na aende Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, atazame ndege. Hatakosa kunguru. Ndege huyu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Leo anakula pia mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Kariakoo hutoka jalalani akatua juu ya samaki na matunda yaliyoachwa wazi, miguu imebeba uchafu uwezao kuwaharisha watoto. Mitego na sumu peke yake haitoshi. Maadamu tunamwandalia meza, atazidi kuzaana. Tufunike vyakula, tufunge mapipa, tuoshe matunda kwa maji safi. Kutunza usafi ni kumheshimu Muumba.