Mfungo Usiolisha Mtu

Kwaresima ikiingia wengi wetu huacha chakula cha jioni. Ni jambo jema. Lakini nauliza: chakula kile huenda wapi?

Mpishi hupika posho na maharagwe kwa hesabu ya wote. Tukifunga bila kumwambia, sahani zetu huishia kwa nguruwe. Sisi tumepata njaa, na maskini amebaki na yake.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawapasa kufunga waliotimiza miaka 18, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Basi wadogo wasilazimishwe. Sisi wakubwa ndio tuanze. Tumwarifu mpishi siku moja mbele, ayapime maharagwe yetu na kuyaweka kando, kisha tuyapeleke kwa wazee wa jirani wasio na wa kuwapikia. Nanyi mliomaliza shule, wenye mishahara, ongezeni chumvi na sabuni.

Wako watakaosema sadaka ni siri. Nawajibu: lifichwe jina la mtoaji, si njaa ya mwenzake. Kusali, kufunga na kutoa ni mafiga matatu. Ukiondoa moja, chungu hakikai.