Masikio yanapovuma, hesabu chupa za dawa

Fundi wa injini za boti, awe Kibirizi au Ujiji, anaweza kulala penye kimya na bado akasikia mlio ambao mwenzake hausikii. Wengi hukimbilia chupa ya mitishamba. Ikiisha, hununua nyingine.

Hapo ndipo fedha ya nyumbani inapovuja. Mlio uliokwisha kuwa sugu haujapata dawa iliyothibitishwa kuuondoa, iwe kidonge au mizizi. Ginkgo, jani mashuhuri la Asia ya Mashariki, lilipitiwa upya na watafiti wa Cochrane mwaka 2022. Hawakuona nafuu ya maana.

Kinachostahili kulipiwa kwanza ni kuangaliwa sikio. Nta iliyoziba ikitolewa, mara nyingine mlio huisha. Mgonjwa ataje pia dawa anazomeza: kwinini huvumisha masikio, na aspirini nyingi vilevile. Maji ya majani yasidondoshwe sikioni, maana kiwambo kikiwa kimetoboka yatapenya ndani. Usiku, redio ya sauti ndogo husaidia, tena haina bei ya chupa.

Mlio wa sikio moja, unaodunda kama mapigo ya moyo, au uliokuja na uziwi wa ghafla, usingoje: Hospitali ya Maweni, siku hiyohiyo.